Mama Severina na Ng'ombe Aliyeitwa Mahari

Kabla ya kutaja siku aliyozaliwa marehemu, familia inaona ni vema kunyoosha jambo moja, maana yapo maneno yaliyofika Kalenga kutoka Mbalizi upesi kuliko gari lililomleta marehemu mwenyewe. Mama Severina Kikoti hakuolewa mara ya pili. Aliolewa mara moja tu, na Philbert Kikoti, katika kanisa la Tosamaganga, na mume huyo ndiye anayelala hapo kushoto kwa kaburi lililochimbwa jana. Hakupokea posa ya mwanamume mwingine, hakuvishwa pete nyingine, na nyumba ya Mbalizi ni yake na watoto wake. Ni kweli alikuwa na ng'ombe. Ni kweli pia kwamba ng'ombe huyo aliitwa Mahari. Anayetaka kujua jina hilo lilitoka wapi atulie kwenye benchi, maana habari zenyewe ni za furaha, na marehemu alipenda habari zisimuliwe kuanzia mwanzo.

Wasifu huu umeandikwa na wifi yake, Mwalimu Apolonia, dada wa marehemu Philbert, kwa kukubaliana na watoto. Wifi anafaa kuaminiwa katika jambo hili. Hakuna mwenye jicho kali juu ya mke wa kaka kuliko wifi, na kama kungekuwa na la kuonekana, lingeonekana.

Severina alizaliwa tarehe 9 Septemba 1944 katika kijiji cha Magulilwa, Iringa, mtoto wa nne wa Mzee Kihwele, mkulima wa mahindi na ulezi. Tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika: kusalimia. Mila ya Wahehe inamtaka mtoto asalimie wakubwa, lakini mtoto huyu alisalimia wakubwa, wadogo, wapita njia na wageni wa watu wengine, na hakuridhika na kujibiwa tu. Alitaka kujua umelalaje, watoto wamelalaje, na yule mbuzi aliyevunjika mguu juzi amelalaje. Alipotumwa maji asubuhi alirudi jua limesimama. Mama yake alikuwa akimpokea ndoo na kumwuliza, "Wewe umetumwa maji au umetumwa habari?" Naye alileta vyote viwili.

Masomo aliyapata kwa masista wa Tosamaganga, akamaliza darasa la nane mwaka 1960. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwandiko wake ulikuwa mzuri hadi uzeeni. Adhabu aliyopewa mara nyingi ni ya kuzungumza darasani, na sista mmoja, akidhani amepata dawa, alimsimamisha nje ya mlango. Ikawa ndiyo starehe yake, kwa sababu mlangoni ndiko watu walikopita. Baada ya wiki sista alimrudisha ndani, akisema kwamba shule nzima sasa inachelewa vipindi.

Mwaka 1962 aliajiriwa kuwa karani wa posta mjini Iringa. Hapo ndipo Philbert Kikoti wa Kalenga, fundi mitambo kijana aliyekuja kutengeneza gari la posta, alipomwona na kukosa maneno. Kaka yetu alikuwa mtu wa spana, si wa hotuba. Akaenda nyumbani, akaandika barua, akarudi nayo siku ya pili na kuipitisha dirishani. Juu ya bahasha alikuwa ameandika jina la karani yuleyule aliyekuwa mbele yake. Severina aliisoma anwani bila kutikisika uso, akaiweka kwenye mizani, akamwambia, "Stempu uliyobandika haitoshi." Philbert akaongeza stempu. Severina akaigonga muhuri, akaitia kwenye gunia pamoja na nyingine, na kesho yake akapelekewa na mwenzake kama mtu mwingine yeyote. Philbert alipokuja kuuliza jibu aliambiwa kwamba jibu nalo litakuja kwa njia ya posta.

Walifunga ndoa tarehe 22 Oktoba 1966. Hapa wasikilizaji wazingatie kidogo. Mahari ya Severina ilipelekwa Magulilwa mchana kweupe na wazee wa ukoo wa Kikoti. Ilipokewa na baba yake mzazi, mbele ya wajomba na majirani, na wifi yake alikuwapo, binti wa shule wakati huo, amebeba tenga la kuku kichwani. Mahari ndivyo inavyotolewa: anatoa upande wa mwanamume, wanapokea wazazi wa mwanamke, na watu wanaona. Jambo hili litahitajika huko mbele.

Reli ilipofika Mbeya na Philbert akapata kazi ya ufundi wa vichwa vya treni, familia ilihamia huko mwaka 1976, na Severina akapewa dirisha la tiketi katika stesheni ya Mbeya. Alilikalia dirisha hilo miaka ishirini na mitano. Wengi mliopo mnalikumbuka. Mtu hakuuziwa tiketi kabla ya kusalimiwa, tena kwa lugha yake. Mnyakyusa alikutana na "Ugonile", Mbena na Mhehe walikutana na "Kamwene", Mchina wa karakana alikutana na "Ni hao" yenye lafudhi ya Magulilwa, na wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wakihamia tambarare ya Usangu na ng'ombe wao walishangaa kuambiwa "Mwangaluka" na mwanamke asiyewahi kufika Shinyanga. Foleni ilikuwa ndefu. Hata hivyo walipomletea karani wa pili wa kumsaidia, abiria waliendelea kupanga foleni kwake.

Huko karakana Philbert alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, fundi mwenzake, Mzee Anord Ngonyani kutoka Songea. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu walipigana vita vikali, wakachoka, wakaona bora wabaki wakitukanana. Kwa hiyo Mzee Ngonyani hakuwahi kuingia nyumba ya Kikoti bila kuuliza kwanza mbwa wamekwenda wapi, kwa vile Wahehe, kama wanavyosema watani, humaliza mbwa wote kijijini kwa kitoweo. Na Severina hakuwahi kumwekea chakula bila kuhesabu vijiko mbele yake, kwa vile Mngoni, kama tunavyosema sisi, hakuja kukaa, alikuja kuteka. Mtu asiyejua utani akiwasikia angetafuta polisi. Wao walikuwa wakicheka, na watoto walikua wakidhani kwamba ndivyo watu wote wanavyokaribishana.

Severina alistaafu mwaka 2001. Philbert alidhani sasa mke wake atakaa barazani Mbalizi, walikojenga, na kufuma sweta. Alifuma sweta moja. Wiki iliyofuata alikwenda hospitali kubwa ya mjini Mbeya kumwona jirani aliyelazwa, na kwenye kitanda cha pili akamkuta mwanamke wa Kisafwa kutoka milimani ambaye hakuna aliyekuwa akimtembelea, kwa sababu watu wake walikuwa mbali na nauli ilikuwa ngumu. Severina alimsalimu kwa Kisafwa. Yule mama alilia. Kesho yake Severina alirudi na chupa ya uji, na kesho kutwa, na hakuacha tena.

Hivyo ndivyo kilivyoanza kikundi kinachojulikana kama Kamwene. Alikianza na wajane wawili wa reli na mama mmoja muuza vitunguu wa sokoni Mbalizi, na leo kina wanachama wa kujaza mabenchi yote ya upande ule wenye vitenge vya bluu. Kazi yao ni moja: kumtafuta wodini mgonjwa asiye na mwenyewe, kumsalimu kwa lugha ya kwao, kumpa uji, na kumpigia simu ndugu yake. Mwanachama mpya hakuulizwa ana elimu gani. Aliulizwa anajua kusalimia kwa lugha ngapi, na kama ni moja tu, aliambiwa akajifunze ya pili kisha arudi.

Miongoni mwa waliokunywa uji huo ni Mama Kulwa, mke wa Mzee Ndalahwa, mfugaji wa Usangu. Alilazwa muda mrefu na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Severina alikaa naye kila siku na Kisukuma chake cha dirishani, ambacho kilikuwa na salamu nyingi na sentensi chache, nao wakaelewana. Mama Kulwa alipona. Yuko hapa leo. Mzee Ndalahwa alipokuja kumchukua mke wake alisimama mbele ya Severina na kumwambia kwamba deni hili litalipwa, naye Severina akamjibu kwamba uji hauna deni. Mzee Ndalahwa ni mtu mpole, hakubisha. Aliliweka tu moyoni.

Philbert alifariki tarehe 3 Machi 2013, na tukamzika hapahapa Kalenga. Waliokuwapo wanakumbuka alichofanya Mzee Ngonyani, kwa maana mtani ana kazi yake msibani, na asipoifanya marehemu amedharauliwa. Alitokea amevaa koti la reli la marehemu na kofia yake, anatembea kwa kuvuta mguu mmoja kama Philbert, anakohoa kama Philbert. Akaketi kwenye kiti cha marehemu mbele ya waombolezaji na kutangaza: "Philbert ndiye mimi sasa. Huyu mjane ni wangu. Ng'ombe wa mahari nitaleta, ila kwanza Wahehe mnioneshe mbwa wenu wote, nihakikishe hamtamla na ng'ombe."

Severina alikuwa kwenye mkeka na wanawake, macho yamevimba. Akainua kichwa. "Mngoni ana ng'ombe wa wapi?" alisema. "Ng'ombe wenu wote ni wa wizi, na wengine mliwaacha kwetu mlipokimbia."

Msiba mzima ulicheka, na Severina mwenyewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu mume wake afariki. Ndiyo kazi ya utani. Lakini katika safu ya wanaume alikuwapo Mzee Ndalahwa, aliyesafiri kutoka Usangu kuja kumzika mume wa mama aliyemnusuru mkewe. Yeye hakucheka. Wasukuma wana watani wao, lakini Mhehe na Mngoni hawamo, na zaidi ya hapo ng'ombe, kwa mfugaji, si neno la kuchezea. Alichosikia ni mwanamume mzima akitamka ng'ombe mbele ya watu, na watu wakifurahi. Akajua ahadi imetolewa na imekubaliwa. Akarudi kwake akisubiri kusikia kwamba imetimizwa.

Tanga likaisha, mavuno yakapita, na habari ya ng'ombe haikusikika. Mzee Ndalahwa akauliza watu wa sokoni, akaambiwa kwamba Mzee Ngonyani ni mstaafu wa reli, hana hata kuku. Ndipo alipoelewa, kwa jinsi alivyoelewa yeye. Jumapili moja, watu wakitoka misani, lori la mpunga lilisimama mbele ya nyumba ya Mama Severina hapo Mbalizi. Nyuma juu ya magunia alikuwa amesimama mtamba mweusi mwenye kipaji cheupe, na kando yake Mzee Ndalahwa akiwa na kofia na fimbo. Mzee Ngonyani alikuwa barazani, amekuja kuuliza mbwa wako wapi.

"Mama," alisema Mzee Ndalahwa, watu wakiwa wamekwisha kujaa, "huyu mzee alitaja ng'ombe mbele ya watu, na mpaka leo hajatoa. Kwetu mtu akitaja ng'ombe mbele ya watu, hiyo ng'ombe imeshatoka. Sasa mimi naona anapata aibu na wewe unapata aibu. Hii nimeleta mimi, nimsaidie. Muoane kwa amani."

Mzee Ngonyani alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kanisani. Severina hakucheka mbele ya mgeni. Alimkaribisha, akamsalimu kama alivyosalimu watu, akamwuliza ng'ombe wamelalaje na nyasi zikoje Usangu, kisha akamweleza kwa utaratibu utani ni nini, na kwamba Mngoni yule angeweza kumwahidi hata treni. Mzee Ndalahwa alisikiliza, akavua kofia. Aliona aibu, akataka kupandisha mtamba kwenye lori. Hapo Severina alishika kamba.

"Haondoki," alisema. "Umemleta kwa moyo mweupe, na kurudisha moyo wa mtu si adabu. Atakaa hapa, maziwa yake yaende wodini. Na jina lake ni Mahari, ili huyu Mngoni asisahau kwamba ametolewa aibu na Msukuma."

Wenye nia njema walicheka. Lakini jina la ng'ombe likawa chanzo cha yote yaliyofuata. Mahari alipozaa, Severina alitangaza sokoni kwa furaha, "Jamani, Mahari imezaa!" na aliyesikia nusu alikwenda nyumbani na nusu yake. Mzee Ngonyani, ambaye kwa aibu ya utani alijitwika kazi ya kukata majani na kukamua, alionekana kila asubuhi akiingia getini na ndoo. Wajukuu walipoulizwa babu yule anafuata nini, walijibu bila hila, "Anafuata Mahari." Siku hazikupita nyingi ikawa Mama Severina wa tiketi amepokea mahari ya Mngoni, na Mngoni amehamia.

Severina aliyajua maneno hayo na hakuyajali. Alisema mji usio na la kusema ni mji mgonjwa. Kila mtamba aliyezaliwa alimpa mwanachama mmoja wa Kamwene, naye mtamba wake alipozaa alimpa mwanachama mwingine, hadi mitaa mingi ya Mbalizi ikawa na mwanamke mwenye mtoto au mjukuu wa Mahari. Alipenda kusema kwamba Mngoni mmoja asiye na ng'ombe ametoa mahari kwa wajane wote wa Mbalizi, na hakuna hata mmoja anayempikia.

Siku aliyoacha kucheka ilikuwa Pasaka ya mwaka 2019, alipokuja Kalenga kupalilia kaburi la mume wake. Shemeji yake Samwel, mdogo wa Philbert na mzee wa ukoo, naye alikuwa amefikiwa na nusu ya habari. Hakumtukana; Samwel hatukani mtu. Alimwambia kwa heshima kwamba nafasi iliyo kulia kwa Philbert iliachwa kwa ajili ya mke wake, na kwamba mwanamke aliyepokea mahari ya ukoo mwingine huzikwa na ukoo huo. Wazee, alisema, wataona namna ya kuitumia.

Severina alimaliza kupalilia. Wifi yake alimtaka aseme, naye akamwambia, "Siwezi kusimama juu ya kaburi la mume wangu nianze kujitetea kama mwizi wa kuku." Akarudi Mbalizi. Kwa majuma mengi wanachama wa Kamwene walimwona akienda wodini na chupa yake kama kawaida, ila salamu zilikuwa fupi, na ng'ombe hakumwita tena kwa jina. Alisema tu, "Huyu ng'ombe." Mzee Ngonyani alipojua amesababisha nini aliacha kuja, ndoo ikawa inabebwa na mtoto wa jirani. Mwanamke aliyesalimia dunia nzima alikuwa anaogopa jambo moja tu, kulala peke yake mbali na Philbert, na jambo hilo sasa lilikuwa mikononi mwa watu waliosikia vibaya.

Aliyelinyoosha ni yuleyule aliyelipinda. Habari zilipomfikia Mzee Ndalahwa hakumwuliza mtu ruhusa. Alipanda basi hadi Iringa, akafika Kalenga, akaomba wazee wa ukoo wakutane, akasimama mbele yao na fimbo yake.

"Mimi ndiye mwenye ng'ombe," alisema. "Naomba mnifundishe, maana mimi si wa huku. Kwenu mahari inapokelewa na nani?"

Samwel alijibu kwamba inapokelewa na wazazi wa mwanamke.

"Wazazi wa mama yule walipokea kitu?"

Hawakupokea. Walikwisha fariki zamani, na Magulilwa haukupelekwa hata mkia.

"Mngoni alitoa kitu?"

Mngoni hakutoa hata majani, ila ya kumlisha ng'ombe.

"Sasa," alisema Mzee Ndalahwa, "ng'ombe nilitoa mimi, ambaye simuoi. Nilimkabidhi yeye mwenyewe, mkononi, kamba alishika yeye. Kama hiyo ni mahari, basi mama alijioa. Na mtu akijioa, mnamzika kwa nani?"

Samwel ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na wazee wakamfuata, na aliyekuwa jikoni alidhani kuna aliyezirai. Jioni ileile Samwel mwenyewe alichukua jembe, akapanda ua wa miti kuzunguka nafasi ya kulia, na kumpigia simu shemeji yake. Alimwambia, "Shemeji, kamwene. Nafasi yako nimeiwekea ua. Usiwe na haraka nayo." Severina alitoka uani na simu ikiwa bado sikioni, akamwita ng'ombe kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya Tunduma. Dume lililozaliwa baada ya hapo aliliita Shemeji. Samwel amekubali hilo lisomwe.

Mzee Ngonyani alirudi na ndoo yake kesho yake, akauliza mbwa wako wapi.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka mwishoni mwa mwaka 2023. Miguu ilivimba na moyo ukachoka. Mwezi Februari mwaka huu alilazwa katika wodi ileile aliyoihudumia. Wauguzi waliomba Kamwene waingie kwa zamu, maana walijaa hata daktari akakosa pa kusimama. Kila mmoja alileta uji, naye akawa mgonjwa msumbufu kuliko wote aliowahi kuwatembelea. Chupa moja aliirudisha akisema, "Uji huu maziwa umeyaona kwa mbali." Mgonjwa mpya alipoletwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsalimu, kitanda kwa kitanda, na kama hakujua lugha yake alitaka afundishwe. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu huo.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani, na asubuhi ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025, baada ya kunywa uji na kuuliza kama ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, aliegemea mto na kututoka, akiwa na umri wa miaka themanini. Mahari wa kwanza alimtangulia kwa uzee. Aliyemo zizini ni mjukuu wake, aliyerudishwa na Kamwene.

Marehemu ameacha watoto watatu: Gideon, Violet na Justine, wajukuu na vitukuu, shemeji yake Samwel, wifi yake Apolonia, Kamwene nzima, na watu wengi katika mikoa hii miwili wanaoweza kusalimiana kwa lugha zisizo zao.

Tangazo moja kwa wageni. Baada ya wasifu huu Mzee Ngonyani atasimama. Ana miaka themanini na mitatu na ameomba asiharakishwe. Atadai arudishiwe mahari yake, kwa hoja kwamba bibi harusi amemkimbia. Huo ni utani, na mnaombwa mcheke, kwa sababu marehemu aliacha agizo kwamba asizikwe kimyakimya. Mzee Ndalahwa amekwisha ahidi kucheka wa kwanza. Mwenye kuguswa na madai hayo asilete ng'ombe kabla ya kuuliza.

Wapo bado wanaotaka kujua kwa nini Mama Severina aliliacha jina la Mahari miaka yote, na kwa nini ndoo ya Mngoni ilisubiriwa getini kila asubuhi na chai ikiwa mezani. Wifi yake alimwuliza, wodini, wakiwa wawili tu. Severina alicheka kwanza, kisha akajibu. Hakuna katika jibu hilo neno la kumwaibisha Kikoti yeyote, aliye hai au aliyelala. Lilisemwa na wifi kwa wifi.

Kamwene, Severina. Lala vema kulia kwa mumeo, ndani ya ua uliopandiwa.

Jibu lenyewe halitasomwa hapa, wala nyumbani, wala jikoni wakati wa chakula. Asiulizwe mtu.